Mulima Wenye Kumeza Mvula

Mujukuu wangu Kasongo alinipeleka kuona kwenye anachomeaka makala, yale makaa ya kupikia, na mie roho ikanichemuka. Mulima wetu wote bameunyoa miti! Mabwe tu, mawe matupu, yametokea inje sawa mifupa.

Mu butoto nilipanda pale na nkambo wangu mwanamuke, bibi yangu, kutafuta bowa, ule uyoga wa mvula. Mvula ikatupata chini ya miti, ikapiga kwa nguvu, ikakatika. Ku mugini, kule kijijini chini, bantu balikuwa banazama mu matope, lakini kule juu miguu yetu ilibakia safi. Maji ilipita wapi? Nilizani mabwe njo inaikunywa. Basi nikalala chini, nikatega sikio kwa libwe nisikie namna linameza.

Nkambo akacheka mupaka akakohoa. "Simama, we mujinga! Mabwe iko na koo? Maji inapita katikati yake." Akachimbua na vidole: majani ya kuoza yenye kunukia bowa, udongo mweusi kidogo tu, halafu mabwe, na mizizi imejipenyeza kila mahali. "Hii mizizi njo inashika udongo. Ukikata muti ukautosha pale, mvula itabeba yote."

Sikumwamini. Mulima mukubwa vile ushikwe na kamba za namna ile?

Leo ule udongo uko chini mu muto. Na Kasongo, bila haya: "Nkambo, usikasirike, tutapanda miti ingine."

"Utaipanda mu nini, Kasongo? Nionyeshe!"

Akachokora chini na kidole cha muguu. Kikagonga libwe.