Raba za Mtumba na Vidole Vyangu

Nawaambia ninyi, maana kikundini bado sijathubutu. Nilipoanza kukimbia asubuhi na akina mama wenzangu hapa Mbeya, nilikwenda mnadani kununua raba za mtumba. Muuzaji, nimtendee haki, alisema, "Jaribu kwanza, mama." Lakini soksi yangu ilikuwa na tundu, nikaona aibu kuvua kiatu mbele za watu. Nikapima soli kwa soli tu, nikalipa.

Kila nikikimbia, vidole vinakufa ganzi. Niliogopa sana, kwa sababu marehemu baba alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Nikaanza hata kumuusia mume wangu habari za watoto. Mwisho nikaenda zahanati, na raba zangu miguuni.

Nesi alinipima, akasema sukari iko sawa. Sikumwamini.

"Ganzi inakuja lini?" akauliza.

"Nikikimbia."

"Na ukivaa kandambili?"

Nikafikiri. "Haiji."

"Hebu vua hiyo raba, mama."

Akaingiza mkono mpaka mbele kabisa, akavuta bonge la gazeti, lile wanalojaza ili kiatu kisibonyee. Mimi nilidhani raba za kukimbilia ndivyo zilivyo, zina kigodoro mbele. Mlango ulikuwa wazi, na wagonjwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Nikacheka nao huku machozi yananitoka, maana mguu wangu nabaki nao.

Nesi akanitazama. "Na ya kushoto?"

"Na yenyewe," nikasema, nikaanza kufungua kamba.