Magadi kwenye makande ya shule: mpaka leo sijui nilikosea wapi

Wakuu, heshima kwenu wakubwa kwa wadogo. Humu ndani mimi ni mwenyeji wa kusoma, ila kuandika ni mgeni kabisa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nukta na mikato msinisumbue nayo.

Yote nitakayosema yalinikuta mwenyewe. Pale niliposahau nitasema nimesahau, sitajaza kitu cha kutunga.

Kwanza niwape habari ya punda.

Nikiwa mdogo kule Endamarariek, mjomba wangu Gidahayo alikuwa na punda jike ambaye hapiti mbele ya kanisa. Sijui kwa nini. Akifika usawa wa kengele anasimama, miguu minne kama imepigiliwa misumari. Mjomba atavuta, atasukuma, atabembeleza, mwisho anamzungusha nyuma ya nyumba ya katekista. Watu wakimuona wanamtania, "Gidahayo, huyo mwenzio lini anabatizwa?"

Mjomba anajibu, "Ana dhambi zake anazozijua, mwacheni."

Sasa siku moja punda akapotea. Siku tatu hatumuoni. Tulikuja kumkuta mbali, kule chini upande wa Ziwa Eyasi, kainamisha kichwa analamba ardhi. Analamba magadi. Mjomba badala ya kumchapa akacheka, siku ya pili yake tukarudi na magunia.

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu kushuka kuchukua magadi, ya ng'ombe kulamba na ya mama kupikia. Mimi nikawa fundi wa kuyajua kwa ulimi tu. Haya makali, haya yana udongo, haya yataivisha maharage kabla hujamaliza kusuka mkeka.

Punda alikufa kwa uzee wake, hakuna kisa hapo. Ila ule ulimi wangu ndio ulionipa kazi baadaye, na hiyo kazi ndiyo mada yenyewe.

Tuendelee.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilishaoa, nimehamia kijiji kimoja kinachopakana na msitu wa Ngorongoro. Jina naliacha, wenyewe bado wapo na wengine wanaweza kuwa humu. Ule wakati serikali ilisema kila mtoto lazima asome. Watoto wakajaa darasani mpaka wengine wanakaa madirishani. Ikaamuliwa wale mchana shuleni, maana wapo waliokuwa wanatembea asubuhi na mapema bila kutia kitu tumboni, ikifika saa tano wanaanguka paredi.

Wazazi wakaleta mahindi na maharage. Chakula ni makande kila siku.

Tatizo maharage. Yale yaliyokaa ghalani tangu mavuno ya nyuma ni kokoto. Wapishi wawili kabla yangu walishindwa, kengele ya saa saba inalia maharage bado yanagonga ukingo wa pipa. Mimi nikaja na bonge langu la magadi mfukoni.

(Naona hapo chini kuna mdau kashauliza magadi ndiyo nini. Mkuu, ni ile chumvi ya ardhini, kama jiwe jeupe hivi. Ukiitia kidogo kwenye maharage yanalainika haraka, kuni zinapungua karibu nusu. Muulize bibi yako.)

Siku ya kwanza tu chakula kiliiva saa sita kasoro. Mwalimu Mkuu akaja na kijiko chake, akaonja, akasema, "Baba, wewe ulikuwa wapi siku zote?"

Mzigo wa kuni uliokuwa unaisha kwa siku mbili ukawa unafika siku nne. Watoto wakapendeza mashavu. Kuna waliokuwa wanatoroka saa nne, wakaacha kutoroka. Nisidanganye, nilijiona mtu.

Hivyo hivyo miaka miwili, au mitatu, sikumbuki vizuri.

Kisha Mwalimu Redempta akaenda semina.

Huyu alikuwa mwalimu wa afya, binti mdogo kutoka Bukoba, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko yeye. Ndiye aliyekuwa akitoa watoto funza miguuni kwa mkono wake mwenyewe. Ndiye aliyelazimisha vyoo viwili, wasichana na wavulana mbalimbali, wazee wakasema anawafundisha watoto majivuno. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa anakula chakula changu pamoja na watoto, kwenye sahani ya bati kama wao.

Aliporudi semina akawapanga watoto wote uwanjani. Anawaambia simama wima, bana miguu, visigino vigusane. Halafu anapitisha vidole katikati ya magoti. Anayepita vidole viwili anamwambia nenda. Vitatu anaandika.

Kwa Natalia wa darasa la pili ilipita ngumi nzima.

Natalia tulimjua ana matege. Tulidhani kazaliwa hivyo, au alibebwa mgongoni vibaya. Wapo wengine sita kama yeye, sema hawakufikia ngumi.

Halafu akaanza kuangalia meno. Hapo nilicheka. Meno yetu watu wa kule wengi ni ya kahawia, tangu babu zetu, tulikuwa tunajua ndiyo rangi ya meno. Yeye akasema hapana, hiyo ni alama. Kuna madini fulani, alitaja jina la kizungu limenitoka, yakizidi mwilini yanachafua meno na kupinda mifupa ya mtoto anayekua. Akasema yapo kwenye maji ya baadhi ya visima. Na yapo kwenye magadi.

Akanifuata jikoni. Sitasahau alivyosimama, kitabu cha majina kifuani.

"Baba, unaweka kiasi gani?"

Nikamuonyesha. Bonge kama yai la kuku kwa pipa.

"Kila siku?"

"Kila siku, mwalimu. Lakini hata mimi nimekula tangu mtoto na nimenyooka. Niangalie."

Akaniangalia miguu kwa makini kabisa, nikaona aibu. Akasema, "Wewe umebahatika. Natalia hajabahatika."

Nikamuuliza, mwalimu, una uhakika ni magadi? Huyu mtoto kala hapa mwaka mmoja tu. Na kwao mama yake anapikia magadi hayo hayo. Na kisima wanachochota ni kimoja na sisi.

Akanijibu maneno ambayo nimetembea nayo mpaka leo. "Baba, inawezekana ni maji. Inawezekana ni magadi. Inawezekana vyote viwili. Maji siwezi kuyabadilisha. Magadi naweza."

Basi, nikaacha. Sikubishana. Mtoto akiwa na mguu kama upinde mbele yako utabishana nini?

Wakuu, hapa ndipo pananichanganya, someni taratibu.

Bila magadi maharage yakarudi kuwa kokoto. Mzigo wa siku nne ukawa unaisha siku mbili kama zamani. Watoto wanakula saa tisa, wadogo wanalia, wengine wanakula yasiyoiva na matumbo yanawauma. Wale watoro wakaanza tena kutoroka.

Mwalimu Mkuu akatoa agizo. Darasa la nne kwenda juu, kila Ijumaa, kila mtoto mzigo mmoja wa kuni.

Kuni za karibu ziliisha mwezi huo huo. Watoto wakaniuliza mimi, maana mpishi ndiye anayejua kuni. Nami nikawaambia. Nilisema kwa mdomo wangu huu, nendeni kule korongoni juu ya bomba la maji la shamba la kahawa, kuna mizeituni ya porini imeanguka, imekauka vizuri, ile inakaa na moto.

Nilisema kweli. Kuni zilikuwa nzuri sana.

Ijumaa ya tatu ya kwenda kule, nyati akatoka kwenye korongo.

Watoto walikuwa kama arobaini na mwalimu mmoja. Wote walikimbia isipokuwa Basilisa wa darasa la tano, alikuwa ameshajitwisha mzigo mgongoni, kamba iko kwenye paji la uso. Hakuwahi kuitoa. Nyati alimtupa mara moja tu akaendelea na safari zake, na wazee wanasema ule mzigo mgongoni ndio uliomuokoa, pembe liliingia kwenye kuni. Paja lilivunjika.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa lori la shamba la kahawa. Mimi nilikaa nyuma nimemshikilia mguu uliofungwa kwa miti, na ile miti, nisiwafiche, ilikuwa ya mzigo wake mwenyewe. Njia nzima hakulia. Aliniuliza kitu kimoja. "Kuni zangu wamezichukua?"

Nikamwambia zimechukuliwa. Sikujua kama zimechukuliwa.

Jumatatu yake kukawa na kikao. Hakikukaa ofisini, watu walikuja wenyewe mpaka jikoni, saa nne hivi asubuhi. Pipa liko motoni, maharage yanazunguka humo magumu vile vile.

Baba yake Basilisa, Mzee Bura, hakupiga kelele. Mtu mrefu, blanketi begani, kasimama pembeni ya moshi. Akasema, "Mwanangu amelala hospitali kafungwa jiwe la kuvuta mfupa mguuni kwa sababu ya maharage. Hapo nyuma yalikuwa yanaiva kwa kuni mbili. Rudisheni magadi."

Mama Natalia akaruka. "Yaani wako apone na wangu apinde? Njoo umtazame anavyotembea, Bura! Njoo umtazame anavyokwenda choo!"

"Wako alipinda kwako, mama. Unapikia nini nyumbani?"

"Nimeacha! Tangu mwalimu aseme nimeacha!"

"Na kuni nani anakuokotea?"

Alikuwa anaokota mwenyewe, kule kule korongoni.

Mwalimu Mkuu akasema tuweke magadi kidogo, nusu ya yale. Mwalimu Redempta akauliza, nusu ya kupinda ndiyo kiasi gani? Mwalimu Mkuu akamwambia, mwalimu, semina yako haikufundisha kuhusu nyati. Watu wakacheka kidogo, halafu wakaona hapachekeki.

Mwalimu Redempta akasema basi tusipike maharage, tupike uji. Mzee mmoja akasema uji kwa mtoto aliyetembea toka asubuhi? Mwingine akasema wazazi walete kuni kwa mikokoteni. Wakaanza kuhesabu mikokoteni. Ikaonekana ipo miwili, na mmoja hauna gurudumu.

Mimi niko kwenye pipa na mwiko wangu. Hakuna aliyenilaumu, hilo nalo niseme. Wala hawakutaja kwamba korongo niliwaelekeza mimi. Labda watoto hawakusema. Mimi mwenyewe sikusema, na leo ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Sasa kabla sijamalizia niwaulize, maana humu najua kuna madaktari, kuna walimu, kuna watu wa serikali. Mngefanya nini? Nilichojifunza ni kidogo. Nimejifunza kwamba mtoto ukimkinga huku unaweza ukawa unamwacha wazi kule, na anayeamua ni lazima awe ameangalia pande zote mbili kabla hajafungua mdomo. Mimi niliangalia upande mmoja, mara mbili. Zaidi ya hapo sina. Andikeni hapo chini, hata kunitukana andikeni, nitasoma yote.

Basi, nimalizie.

Katika yale mabishano Mzee Bura akaingiza mkono kwenye blanketi akatoa bonge la magadi. Alikuja nalo kutoka kwake. Akaniwekea kiganjani.

"Weka, ndugu yangu."

"Baba, usiweke," Mwalimu Redempta akasema. Hakupaza sauti safari hii. Macho yamejaa maji, sijui moshi, sijui nini.

Wote wananitazama. Mama Natalia kashika mdomo. Mwalimu Mkuu anaangalia saa.

Nililionja, kwa mazoea tu. Yalikuwa magadi mazuri.

Nikaangalia ndani ya pipa. Nikawaza miguu ya Natalia. Nikawaza ile kamba kwenye paji la uso. Kila nikitaka kusogeza mkono, mmoja wao ananizuia.

Nikaliweka lile bonge juu ya jiwe la jiko, nikaweka na mwiko pembeni yake. Nikafungua aproni nikaitundika kwenye msumari. Mtu akauliza, "Unakwenda wapi?" Nikasema nakuja.

Nikashika njia ya kuteremka, nikapita bomba, nikapita mashamba ya ngano. Nilikuwa nimefika barabara kubwa niliposikia kengele ya saa saba. Wiki ile ile nilimchukua mke wangu na watoto tukahama, na kijiji kile sijakanyaga tena mpaka leo, wala sikuwahi kumuuliza mtu kama siku ile waliweka au hawakuweka.