Gari Lisilojua Kuchemsha

Ukimwambia mtu wa Tabora kwamba hita ya gari lako haipulizi joto, atakuuliza kama unahamia kwenye baridi ya Makete. Mimi mwenyewe, kwa miaka yote niliyoendesha lile gari dogo jeupe aliloniachia baba alipostaafu ufundi, sikuwahi kugusa kitufe chenye alama nyekundu. Nilidhani ni pambo.

Kisha baba akapata kidonda mguuni. Sukari alikuwa nayo siku nyingi, ila kidonda hiki cha chini ya kidole gumba kilikataa kupona. Nesi wa hospitali ya mjini alitueleza bila kuzunguka: kisafishwe kila baada ya siku moja, alfajiri kabla foleni haijajaa, la sivyo kidole kitakatwa, na huenda wasiishie kwenye kidole.

Sisi tunakaa Kwihara, nje kidogo ya mji. Ulikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa, nami mwalimu nina nafasi ya kumpeleka. Lakini asubuhi za kipupwe upepo wa huku unapenya hadi kwenye mifupa, na baba alikuwa amebaki mifupa.

"Mama, hili si gari, ni friza," aliniambia mimi bintiye safari ya tatu.

Safari ya nne hakutoka chumbani. Hakusema anasikia baridi, maana mzee wangu hawezi kutamka jambo kama hilo. Alisema kidonda kinapona chenyewe. Nikamletea blanketi, akasema yeye si maiti wa kuviringishwa na kupelekwa mjini. Nikataja hita, akacheka.

"Wapagazi wamepita hapa na pembe za ndovu mabegani, miguu peku, hakuna aliyeulizia hita."

Nilikasirika mpaka nikamwaga chai. Nikikasirika siwezi kukaa, kwa hiyo niliingia kwenye gari nikaenda kwa fundi mjini. Ni mtu wa makamo, kofia haimtoki kichwani, na spana alifundishwa na baba yangu.

"Hita, mwalimu? Umepata uhamisho?"

"Fungua boneti."

Aliwasha injini, akasubiri, akashika mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye hita. Ilikuwa vuguvugu tu. Akachungulia dashibodi.

"Huu mshale wa joto huwa unanyanyuka?"

"Haujawahi," nilimjibu kwa maringo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya nyumba yetu. Baba alimwambia kila mgeni kwamba gari lake halijui kuchemsha.

Fundi alirudi kwenye injini. Alifungua mahali mpira mkubwa wa rejeta unapoingia kwenye injini, akanionyesha ndani. Palikuwa patupu. Akanieleza kwamba pale pangekuwa na themostati, kidude cha chuma kinachoziba njia mpaka maji yapate moto, ndipo kinafunguka. Ukikitoa, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Injini inabaki baridi, na hita haina cha kupuliza. Mafundi wengi wa zamani walikitoa kwa hofu ya gari kuchemsha.

Kisha akabandua gasketi, kile kipande cha kuziba maungio, tukainama wote wawili kuitazama. Ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye boksi la majani ya chai, kingo zake laini kabisa, tundu za bolti zimekaa sawasawa. Mtu mmoja tu Tabora nzima alikata gasketi namna ile, kwa mkasi wa kushonea wa marehemu mama.

"Mimi simwambii," fundi alisema. "Wewe ni mtoto wake, atakusamehe."

Tulipata themostati mpya duka la vipuri. Kabla ya kuifunga, fundi aliitumbukiza kwenye sufuria la maji ya chai la mama lishe jirani, tuone kama inafunguka. Ilifunguka, na mama lishe naye akafunguka. Tulitukanwa vya kutosha, kisha nikamchotea maji mengine.

Kesho yake alfajiri sikutaja hospitali wala hita. Nilimwambia baba kwamba gari linatoa mlio nisiouelewa. Alivaa viatu haraka kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Alikaa mbele, kichwa kimeinama, anasikiliza injini, nami nikaelekeza gari mjini. Tulipofika katikati ya njia, joto lilikuwa limeanza kutupiga magotini. Yeye aliona mshale kwanza, umesimama katikati.

"Zima gari. Linachemsha."

Nilisimama pembeni, nikamweleza habari ya themostati. Aligonga kioo cha mshale kwa ukucha.

"Nani aliitoa?"

"Wewe, baba."

Aliniashiria niwashe gari. Kidonda kikasafishwa, tukarudi, hajasema neno. Niliogopa sana. Kidonda cha mguu nilikuwa nimekizoea, lakini hiki kingine nilikuwa nimekifungua mwenyewe.

Tulipofika nyumbani aliingia stoo akatoka na mkebe wa maziwa ya unga, akaumimina juu ya mkeka. Zilikuwa themostati kuukuu, za kila ukubwa, zimeshika kutu. Baba hatupi chuma. Akaanza kuziokota moja moja.

"Hii ya lori la tumbaku la Ipole. Hii ya yule Mhindi wa duka la vitambaa. Hii ya padre wa Kipalapala, yule mwenye pumu." Hiyo hakuiweka chini. "Kila kipupwe alikuja kuniambia gari lake lina baridi. Nikawa namwambia avae sweta."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Alinikazia macho, kisha naye mabega yakaanza kumtikisika, tukacheka mpaka jirani akachungulia uani.

"Nilidhani nawasaidia, mama," alisema alipotulia.

"Uliwasaidia. Magari yao hayakuchemsha."

"Waliganda humo ndani."

Alizirudisha zote kwenye mkebe, isipokuwa ile ya padre. Hiyo aliifuta kwa pindo la shati, akaigeuzageuza, akaiweka mfukoni.

"Hiyo imekufa, baba. Tutamnunulia mpya."

"Najua imekufa. Nataka aione." Akanyoosha mguu wenye bandeji juu ya mkeka. "Keshokutwa tukitoka hospitali, unipitishe Kipalapala."

Hospitali aliitaja mwenyewe. Nikamwambia sawa, nikaingia ndani kutafuta ufagio ambao sikuuhitaji, ili asinione uso.