Maneno ya Zizini

Daktari alisema Ijumaa. Siku hiyo baba yangu, Papa kama tunavyosema sisi wa Kivu, kule Kongo, angetakiwa kuinuka kwenye kiti bila kuinuliwa, atembee hadi mwisho wa korido na kurudi, kisha aketi bila kuanguka. Akiweza, anarudi kwangu Ixelles, hapa mjini. Asipoweza, anatafutiwa kitanda katika nyumba ya wazee, na yenye nafasi ilikuwa mbali, nje kabisa ya Brussels, mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kumsalimia kwa lugha yake. Alituambia hayo Jumatatu.

Kiharusi kilikuwa kimempiga mguu wa kushoto na ulimi. Kifaransa chake, ambacho hata zamani hakikuwa kingi, kilifutika chote. Kiswahili kilibaki vipande vipande. Kila asubuhi mwanamke wa mazoezi ya viungo hapo hospitalini, Mbelgiji Mflamandi mwenye nywele fupi za mvi, alisimama mbele yake na kupaza sauti: "Allez, monsieur, on se lève!" Yaani, haya bwana, tuinuke. Papa alimtazama kwa heshima zote na hakusogea.

Basi mimi nikajitia kujua. Miaka kumi na tatu ninawainua wazee wa watu huko Woluwe, nawaogesha, nawatembeza, na wananipenda! Nikamwinamia nikasema kwa adabu niliyolelewa nayo: "Papa, tafazali, tunakuomba usimame kidogo, utangulize ule mguu wa kushoto, halafu ule mwingine ufuate." Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari redioni. Sentensi ilikuwa ndefu mno kwake, na mimi sikuliona hilo.

Jumanne nilimfokea. Nasema wazi, nilimfokea baba yangu mbele ya watu. "Papa, hautaki ao hauwezi?" Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua upindo wa shati lake. Nilipanda basi kurudi nyumbani nikijichukia njia nzima.

Jumatano nilifika nimechoka, sina hamu ya kugombana na mtu. Sikusimama mbele yake. Nilisimama kando, upande wa kushoto, nikaweka kiganja begani mwake kwa sababu tu sikujua pa kukiweka. Nikahisi pumzi yake inashuka. Hapo ndipo nikakumbuka zizi.

Huko milimani Papa alichunga ng'ombe wa watu, na kazi aliyosifiwa kwayo ilikuwa ya ng'ombe waliozaa kwa mara ya kwanza, wale wanaopiga teke ukigusa kiwele tu. Wenzake walisema wanamtiisha ng'ombe, wengine walisema wanamfundisha. Papa hakuyapenda maneno hayo. Kutiisha ni mambo ya askari, alisema, na kufundisha ni mambo ya mwalimu na fimbo yake. Yeye alisema anamzoeza, na kwamba huwezi kumzoeza ng'ombe kama wewe mwenyewe hujamzoea. Alisimama begani pake, akaweka mkono, akangoja pumzi. Kisha akasema maneno machache sana, yale yale kila siku, bila kubadilisha hata moja, kwa sauti ya chini ambayo nyumbani hatukuwahi kuisikia. Sisi watoto tuliambiwa lete, toka, nyamaza. Niliwaonea wivu ng'ombe wale, na wivu huo nilivuka nao hadi Ulaya.

Nikatazama mlango. Nikaona aibu, maana kumwambia baba yako maneno ya zizini ni kumvua nguo. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

"Ni miye," nikasema polepole. Nikangoja. "Tulia." Nikangoja tena. "Egemea miye."

Uzito wake wote ukanijia ubavuni. Akasimama.

"Leta mguu," nikasema, na mguu ule wa kushoto, uliogoma wiki tatu, ukaja. "Na mwenzake." Na mwenzake ukaja. Tulikuwa tumepiga hatua sita, machozi yananitiririka hadi kidevuni, mlango ukafunguliwa. Shangazi yangu, dada yake Papa, alikuwa amesimama na bakuli la sombe, majani ya muhogo ya kwetu, mikononi.

"Weye mutoto!" akasema. "Papa yako umemugeuza ngombe? Hapa, mbele ya Wazungu?"

"Shangazi, anatembea."

"Nimeona anatembea! Na nimesikia vile unamuongelesha. Tulikulea vibaya?"

Aliweka bakuli mezani kwa kishindo akaondoka bila kuaga. Siku nzima hakupokea simu yangu. Nilijua amekwisha kuwapigia ndugu wote, kuanzia wa Brussels hadi wa Bukavu.

Na bado lilibaki jambo gumu zaidi. Siku ya mtihani ndugu hawaruhusiwi kumsaidia mgonjwa. Mtu wa mazoezi peke yake ndiye anayetembea naye. Maana yake ni kwamba mwanamke yule angepaswa kuyasema maneno yale yeye. Kuyasema mimi mwanawe ilikuwa aibu tayari. Kumpa mgeni ayaseme, niliona kama ninamuuza baba yangu. Sikulala vizuri. Lakini nilifikiria pia kitanda kile cha mbali, na Papa amekaa dirishani anamtazama kila anayepita bila kuelewa neno, na asubuhi nikamwandikia yule mama wa mazoezi maneno yote kwenye karatasi, jinsi yanavyotamkwa.

Alijifunza kwa bidii, maskini. "Leta mugu," alisema. "Na mwezake." Tulikuwa katikati ya somo, Papa amekaa anatutazama, shangazi akaingia. Nikajiandaa kwa vita. Alivua koti, akalikunja, akasikiliza, amekaza mdomo.

"Hapana," akasema mwishoni, si kwangu, kwa yule Mflamandi, kwa Kifaransa. "Unaharakisha. Weka mkono, halafu ngoja. Kaka yangu alikuwa anangoja hata robo saa." Akanigeukia. "Na weye umesahau aksanti. Ngombe alipomaliza kukamuliwa, Papa yako alimwambiaka aksanti. Bila hiyo kesho yake atakataa."

Kweli nilikuwa nimesahau. Nikaliandika chini kabisa ya karatasi. Shangazi akamshika yule mwanamke mkono, akauweka mwenyewe begani pa kaka yake.

Ijumaa tulisimama nyuma ya mlango wa kioo, mimi na shangazi, tumeshikana mikono kama wasichana. Papa aliinuka. Alifika mwisho wa korido akageuka vizuri. Katikati ya kurudi akasimama. Yule mwanamke akaingiwa na woga, nikaona midomo yake ikitamka "allez, allez," na mabega ya Papa yakakakamaa. "Ngoja, bibi," shangazi akanong'ona kwenye kioo, "ngoja tu." Yule mama akangoja. Mkono ukarudi begani. Sikusikia alichosema, ila niliuona mguu ukija, na mwenzake. Alipoketi, yule mama aliinama akamwambia aksanti, na daktari akaandika.

Jumamosi mchana nilimleta nyumbani. Shangazi alikuwa jikoni anapakua, redio inaongea. Nilimketisha Papa kwenye kiti cha karibu na dirisha, nikapiga magoti nimvue viatu. Akanigusa kichwa. Tangu augue hakuwahi kunena zaidi ya neno moja moja, kwa hiyo nilidhani anataka maji.

"Ile maneno," akasema. Akatafuta mengine kwa muda mrefu, na safari hii nilingoja. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu, Papa. Nilikuwaka najificha nyuma ya lupango ya zizi, kila asubui mbele ya kuenda masomo."

"Juu ya nini ujifiche?"

Ningeweza kudanganya. Nina umri wa miaka hamsini na mbili, nina wajukuu.

"Nisikie sauti yako," nikasema.

Kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni.

"Ungeingia tu," akasema. "Nilikuwaka peke yangu."