Nani Kavuta Zaidi

Kazini Nyegezi, Dorotea hukokotoa kwa kompyuta jinsi atomu zinavyovutana ndani ya chuma. Mvutano wa chuma kizima hujulikana bila ubishi. Ukitaka kuugawa nukta kwa nukta, kila kanuni hugawa kivyake, na zote ni sahihi, maana jumla ni ile ile. Jambo hilo lilimkera sana kabla halijaanza kumfurahisha.

Kwao Bujora, baba yake na baba mdogo Luhende waliwamba ngoma kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, kila mmoja akiivuta upande wake. Ngozi ilikauka, ubishi wao haukukauka.

“Wewe ndiye msomi wa mivutano,” baba akamwambia Dorotea alipofika nyumbani. “Nani alivuta zaidi?”

Dorotea akaipiga ngoma. Kuku wakatawanyika.

“Imekaza, baba. Nani kavuta kiasi gani, hata chuma huwa hakiniambii.”

Wazee wakacheka, kila mmoja akijua ameshinda.