Kijani Tupu kwa Moyale

Akiru alikuwa na kidole gumba ambacho Habsa, mwenye banda la nyanya pale Kiwanjani, alikiamini kuliko macho yake mwenyewe. Nyanya ikitoka shambani, Akiru anaiminya kidogo karibu na kikonyo. Nyekundu inabaki mjini, inaliwa mtaani Wabera leo leo. Iliyoanza kugeuka inaenda Archers Post, si mbali. Ya kijani, ngumu, ndiyo ya Moyale, maana barabara ile, wee, lori linalala njiani, na mashimo hayamhurumii mtu wala nyanya.

Huko Moyale ndiko alikokuwa Nakuam, binti wa pekee wa Akiru. Mume wa Nakuam, Emuria, alikuwa askari polisi. Alihamishwa, mke akafuata, na miaka minne ikapita Akiru hajamtia mwanawe machoni. Nakuam aliuza nyanya sokoni, zilezile za banda la Habsa. Ndiyo maana Akiru alipanga kila sanduku kwa nyasi kavu kama anayelaza mtoto. Na mtoto alikuwako kweli, msichana wa Nakuam aliyepewa jina la bibi yake, na Akiru mwenyewe hajambeba hata dakika moja. Roho ilimuuma, tusidanganyane.

Si kwamba hakutaka kwenda. Leo shifta, wale majambazi wa njiani, wamefunga barabara, kesho Habsa hamwachilii, keshokutwa kiti cha mbele kina mtu. Halafu mwaka wa sabini na tisa, mawingu yakianza kukusanyika, Robow dereva akamwambia, "Mama Nakuam, hii ndiyo safari ya mwisho kabla ya mvua. Habsa amekupa ruhusa, na kiti chako kipo. Lakini lori lisipojaa, siendi."

Haya basi. Jua lilikuwa limepika mashamba ya mtoni wiki nzima, nyanya zikaja zimegeuka. Akiru aliminya, akaminya tena. Za kijani hazikufika nusu ya lori. Habsa alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, na kule kwenye kizuizi cha barabara askari wanaosindikiza msafara walishaanza kupanga magari.

Akiru alijua nyanya zile zingefikaje. Nani angejua kumshinda? Akatandika zilizogeuka chini, nyasi katikati, za kijani juu, akapigilia mbao.

"Kijani tupu?" Habsa aliuliza aliporudi.

"Kijani tupu, mama."

Na sauti yake haikutetemeka, fikiria! Mwanamke ambaye hajawahi kudanganya hata juu ya nyanya moja.

Walipopita Marsabit harufu ilishaanza, ile tamu ya kitu kinachochacha. Robow akamtazama. Akiru akageuza uso dirishani. Aliogopa, lakini hamu ilikuwa kubwa kuliko woga, na kila kilima walichokipita alikishukuru.

Moyale, kabla lori halijasimama vizuri, Nakuam alikuwa mlangoni anapiga vigelegele. Alimvuta mama yake chini, akamtupia mtoto mikononi. Akiru alimnusa yule mtoto shingoni, akalia bila aibu mbele ya soko zima.

Kisha Nakuam akafungua sanduku la kwanza. Chini ilikuwa supu. La pili, vilevile. Wateja waliokuwa wakingoja wakaanza kuondoka na vikapu vitupu.

"Huu si mkono wako, mama. Aliyechagua hizi ni kipofu ama ni mwizi?" Nakuam alifoka. "Nitauza nini mpaka mvua ziishe?"

"Ni mimi," Akiru akasema, mtoto amemlalia kifuani. "Lori lisingejaa, lisingekuja. Nami ningebaki."

Nakuam alisimama na mbao mkononi, mchuzi unamdondokea miguuni. Alikuwa amekasirika, kasirika kabisa, na machozi yakawa yanamtoka palepale.

"Miaka minne, mama," akasema. "Kila lori likifika, nakimbilia kiti cha mbele kwanza. Nyanya naziangalia baadaye."