Kitasa cha Pikapu ya Kijiji

Vita vilipokwisha, pikapu ya kijiji chetu kule Ngara ilirudi nyumbani. Ilikuwa imechukuliwa kupeleka unga na maharage ya askari, na tuliipokea kwa vigelegele kama mpiganaji. Haikuwa na majeraha makubwa. Kioo cha nyuma kilipotelea huko huko, na kitasa cha nje cha mlango wa abiria kilikuwa kimekatika, kikabaki kisiki kisichoshikika. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wake, alisema hiyo si hasara. Abiria anajifungulia kwa ndani, shida iko wapi?

Shida ilikuwa mimi. Nilikuwa naolewa Nemba, upande wa Biharamulo, na pikapu hiyo ndiyo ingenipeleka.

Kwetu bibi harusi hajishushi. Anafika amefunikwa kanga, kichwa ameinamisha, hasemi neno, na anangoja ndani ya gari mpaka mama mkwe aje amfungulie kwa mkono wake mwenyewe. Akijifungulia, ataambiwa hadi uzeeni kwamba alijileta. Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa anisindikize, hakutaka mchezo katika hilo. Shangazi huyu angeweza kugombana hata na mvua.

Tena mama mkwe mwenyewe alikuwa hanitaki. Alilitamka wazi siku walipokuja kuniposa, nami nikasikia yote nikiwa chumba cha pili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa mkulima ambaye shamba lake lilisifiwa Nemba nzima. "Mikono ya chaki," aliuliza, "itashika jembe?" Nilimeza maneno yangu, machungu kama shubiri. Baadaye zikaja habari kwamba siku ya harusi huenda asitoke nje kunipokea. Ndiyo maana shangazi alipokiona kile kisiki alishika kiuno.

"Mlango hauna kitasa?" alimwambia mjomba. "Unataka kumpa sababu? Atasema alikuja, akakosa pa kushika, akarudi zake jikoni!"

Mjomba akaenda Biharamulo mjini kutafuta kitasa. Miaka ile hata sabuni tulikuwa tukiisikia kwa jina tu. Kitasa cha pikapu nani angekuwa nacho? Alirudi na vumbi kichwani na mikono mitupu. Akapendekeza tufunge kamba ya katani. Shangazi akamuuliza kama anapeleka bibi harusi au mbuzi.

Ndipo mjomba akamkumbuka mhunzi mmoja wa Nyamigogo, mtu aliyekuwa akifua majembe tangu ujana wake. Mhunzi alikubali kazi, ila chuma hakuwa nacho. Leteni jembe kuukuu, alisema. Mama yangu hakungoja kuombwa. Alipandisha mkono kwenye paa la jiko, akachomoa jembe lake la zamani, la mkia mrefu unaopenya kwenye mpini, limelika hadi limebaki dogo kama kiganja. Jembe hilo ndilo lililotulisha sote pale nyumbani. Nilipoliona linaondoka nilitaka kulia, lakini mama alicheka, akasema ni afadhali likatembee kuliko kulala na masizi.

Mhunzi alitumia ule mkia. Upande mmoja aliupinda na kuupanua ukae vizuri mkononi. Upande wa pili aliuacha na pembe zake nne ili uingie kwenye komeo. Mjomba alifungua ubao wa ndani wa mlango pale uani kwetu, akapanga skrubu juu ya jamvi, akaking'oa kile kisiki kwa koleo na matusi madogo madogo, akapitisha kitasa kipya na kukaza. Ukikishusha, komeo linalia ta! na mlango unaachia. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilifungua na kufunga mpaka shangazi akanifukuza.

"Toka hapo! Mlango huo si wa kufunguliwa na wewe!"

Siku yenyewe, baada ya misa, tulipita nyumbani kuaga. Mama hamsindikizi binti yake, ndiyo desturi. Alinikumbatia, akageuka upesi akaingia ndani. Bwana harusi na wenzake walikuwa wametangulia, nasi tukashika njia ya Biharamulo. Mbele tulikuwa watatu, shangazi katikati na mimi mlangoni. Nyuma walijazana wanakwaya, wakaimba hadi vumbi likawakausha koo.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya kufika, shangazi alisimamisha gari. Alishukia upande wa mjomba, akazunguka, akafuta kitasa kwa ncha ya kitenge. Kisha akatoa kikopo cha samli aliyoichukua ya kunipaka mikononi. Chuma kipya kwetu hupakwa samli kisishike kutu, naye alitaka king'ae mbele ya wakwe. Alikipaka kwa moyo wote. Hata mjomba, ambaye kwa kawaida hamsifu mtu, alikisifu.

Tukaingia uani. Kupitia kanga niliwaona watu wakisogea, halafu wakatengana, na katikati yao akapita mwanamke mrefu asiye na haraka. Mama mkwe alikuwa ametoka!

Kitasa kikashuka kidogo, kikarudi. Kikashuka tena, kikarudi.

"Mbona kinatereza?" nikamsikia akiuliza.

Watu wakaanza kunong'ona. Mjomba alimtazama shangazi. Shangazi alitazama mbele kama asiyemjua mtu. Nikaona mama mkwe anarudi nyuma. Basi, nikajua, sababu yake ameipata, tena tumempakia wenyewe kwa kikopo. Niliogopa kwelikweli, na papo hapo kicheko kikawa kinanipanda. Bibi harusi anatakiwa alie! Nikauma kanga. Mkono wangu ukaanza kutambaa kuelekea komeo la ndani, na shangazi akanifinya paja.

"Thubutu," akanong'ona.

Lakini mama mkwe hakwenda jikoni. Aliinama, akachota udongo, akausugua viganjani kama afanyavyo mkulima mpini unapomteleza kwa jasho. Akarudi, akashika, akavuta kwa nguvu za shambani. Ta! Mlango ukaachia.

Alinusa kiganja chake. "Samli," akasema. Kisha, badala ya kunipokea, akainamia kitasa, akakipapasa juu na chini. "Hiki si cha dukani. Huu ni mkia wa jembe. Jembe la nani?"

Mjomba alifungua mdomo, ila sauti iliyotoka ilikuwa yangu, chini ya kanga.

"La mama yangu. Shikamoo, mama."

Shangazi aliguna kama aliyechomwa mwiba. Bibi harusi kasema! Mama mkwe akakitazama kiganja chake, kimejaa samli na udongo, akakinyoosha kwangu bila kukifuta.

"Marahaba. Basi tumeshapeana mikono, mimi na mama yako," akasema. "Shuka, mwanangu."

Nikashuka nalia kama desturi inavyotaka, na shangazi akapiga kigelegele cha kwanza.